Asali Kidoleni mwa Baba

Addis Ababa, 3 Oktoba 2003

Dada yangu Galane, mkubwa wangu,

Nakusalimu kwanza, ingawa najua utaziruka salamu ukatafute ombi liko mstari wa ngapi. Sisi hatujambo. Mgongo wa Tsige umepoa. Siku hizi mke wangu ananikaripia akiwa amesimama wima. Mimi nimenenepa. Ule mkanda ulionipa sikukuu ya Masqala ya mwaka juzi umefika tundu la mwisho, na mwanafunzi mmoja kaniuliza kama ustawi wa jamii ninaoufundisha ni huu wa tumbo. Mama yetu je? Miguu bado inamvimba? Mwambie mwanawe anaota uji wake mzito wa shayiri, ule wenye shimo la siagi katikati.

Haya, ombi. Kamati ya kupandisha vyeo imeniweka tena mezani. Miaka kumi na minane nafundisha habari za watoto wanaolelewa na wasiowazaa, na mlangoni kwangu bado pameandikwa "Mhadhiri". Wenzangu niliowafundisha mimi kuandika marejeo sasa ni maprofesa, wananipungia mkono kutoka ghorofa ya juu. Safari hii imebaki makala moja tu. Niliyoipeleka imerudishwa na msomaji wa nje, na chini ameandika: "Takwimu nzuri. Sauti ya mtoto haisikiki."

Nikaisoma hukumu hiyo darasani, nikitarajia kuonewa huruma. Kuna binti mmoja, Hawi, hana breki mdomoni. Akasema, "Mwalimu, usikasirike. Unawazungumzia watoto wa asali kama mtu anayeisimulia mvua akiwa dirishani." Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka. Kisha nikaenda ofisini, nikafunga mlango, na kicheko kikabaki nje.

Kwa sababu, dada, mvua hiyo mimi ilininyea. Wewe unajua.

Acha niandike yasiyosemwa nyumbani. Nina miaka minne. Wazee wamekaa kwenye ngozi uani. Baba anachovya kidole gumba kwenye asali, naambiwa ninyonye. Utamu ule ninao mpaka leo. Usawa wa macho yangu ni magoti matupu, na goti moja lina kidonda kibichi. Baba anasema, "Mfupa huu ni mfupa wangu. Atakayesema vingine, amekata mfupa wangu."

Vitabuni nimelieleza hilo mara mia: mtoto akishanyonya asali kwenye kidole cha mwanamume mbele ya wazee, amekuwa mtoto wake kabisa, kwa jina na kwa urithi, wala alikotoka hakutajwi tena. Nimeliita "desturi ya jamii husika". Sijawahi kuandika kwamba jamii husika ni mimi.

Unakumbuka pia yule mvulana wa shule aliyetupigia kelele njiani, "Nyumba ya Dhinsa ina mtoto wa kuletwa!" Nilikuwa nimekushika mkono. Uliuchomoa, ukampiga kibao cha kuandikia kichwani mpaka kibao kikapasuka. Siku hiyo nilijua mambo mawili: kwamba ni kweli, na kwamba wewe utanitetea daima.

Baba amekufa sijamuuliza. Wewe sikuulizi, naomba ruhusa tu. Kiapo kile cha mfupa ni cha nyumba, na mkubwa wa nyumba ni wewe. Niruhusu niandike kwamba mimi ni mtoto wa asali. Makala inatakiwa mwisho wa Februari.

Mdogo wako,
Wakgari


Naqamte, 9 Novemba 2003

Mdogo wangu,

Tu wazima, na nimehesabu: ombi lilianza mstari wa kumi. Unazidi kuwa mkweli uzeeni.

Mama miguu inavimba jioni, asubuhi inanywea. Anataka kila barua yako nimsomee neno kwa neno. Hii nilimsomea salamu na habari za mkanda, nyingine nikamwambia ni mambo ya ofisi. Amecheka sana mkanda. Amesema unene huo ni wa mjomba wake. Ng'ombe wetu amezaa ndama wa kike mwenye doa la kipaji. Ancote tulichimba jana, viazi vyake vikubwa kama kichwa chako, nimekutumia gunia dogo kwa basi. Tsige asivimenye kabla ya kuchemsha. Mwaka jana alivimenya, ukala maji.

Jirani yetu Adde Sorse ana jambo. Kaka yake amefariki, ameacha binti wa miaka minane, Lelise. Sorse anataka kumchukua. Yeye mwenyewe ana mmoja tu, wa miaka mitatu. Lakini ameingiwa na hofu, anasema, "Muulize msomi wenu: mtoto mkubwa hivyo atashika?" Mimi nikakumbuka makala yako ya miaka mitatu iliyopita, yenye jedwali la nne. Usishangae, niliisoma. Mwalimu mstaafu ana muda. Nakuuliza tu: bado unaiamini?

Kuhusu lile jambo lako, mvua mwaka huu imekatika mapema.

Galane


Addis Ababa, 14 Desemba 2003

Dada yangu, mkubwa wangu,

Ancote vilifika, vikachemshwa na maganda yake, tukala kwa siagi. Tsige anasema wewe ndiye mama mkwe mkali ambaye Mungu alimnyima, ukaletwa kwa mlango wa nyuma. Anakusalimu. Kikohozi kimenipata, kimeondoka. Ndama aitwe nani? Napendekeza jina la msomaji wa nje.

Sikujua unanisoma! Nimevimba kichwa wiki nzima. Ndiyo, jedwali la nne naliamini. Hilo ndilo lililonipeleka kwenye mkutano kule Kampala, nikapigiwa makofi. Nilifuatilia watoto mia mbili na kumi. Waliochukuliwa kabla ya miaka sita, karibu wote walishika. Waliochukuliwa baada ya hapo, zaidi ya nusu walishindwa. Darasani husema mtoto aliyezidi miaka sita ni mche uliokwisha kuota mizizi kwingine. Ukiung'oa, unanyauka mikononi. Mwambie Adde Sorse kwa upole: amsaidie binti hukohuko aliko, kwa nguo na daftari. Asimhamishe. Huo ndio ushauri wa kitaalamu, na kwa jirani hauna malipo.

Sasa, hilo la mvua. Dada, nimefundishwa na wewe kusoma. Nayajua mambo yako ya kuruka mstari. Hukukataa, hukukubali. Nami nimeanza kuandika. Nakuletea ukurasa wa kwanza uone ninavyoenda kwa heshima. Unaanza hivi: "Mwanamke ninayemwita mama hakunizaa. Alinipenda kwa uamuzi, na uamuzi ni mgumu kuliko damu." Tsige aliusoma akalia. Hawi nilimwonyesha bila kumwambia ni nani, akasema, "Sasa huyu mwandishi ameloa."

Nijibu, mkubwa wangu.

Wakgari


Naqamte, 20 Januari 2004

Wakgari,

Krismasi ilikwenda vizuri. Mama mzima. Ndama mzima.

Usiupeleke ule ukurasa. Ngoja barua yangu. Mkono wangu wa kuandikia umeungua na mafuta.

Galane


Addis Ababa, 2 Februari 2004

Dada mpenzi,

Pole na mkono. Pole kweli, kama umeungua; na kama haukuungua, pole vilevile, kwa sababu katika maisha yako yote sijawahi kukusikia ukitafuta kisingizio, na hiki ni kibaya. Kimeandikwa kwa mwandiko ulionyooka kama safu ya askari.

Nimekukosea? Niambie ni wapi. Nikiwaza sana naona huenda unamhofia mama, asije akadhani namkana. Simkani. Nataka ulimwengu ujue alichofanya. Au unahofia watu wa huko watasema, "Kumbe yule wa chuo kikuu si wa Dhinsa"? Waseme. Nina miaka arobaini na tisa, dada. Nimeshachoka kuwa dirishani.

Makala imekwisha kupigwa chapa, kurasa thelathini na moja. Kamati inaketi tarehe ishirini na nane. Kwenye kamati zetu anayekaa kimya huhesabiwa amekubali. Ikifika tarehe ishirini sijapata neno lako, nitahesabu hivyohivyo, na Mungu anisamehe.

Mdogo wako,
Wakgari


Naqamte, 11 Februari 2004

Mdogo wangu,

Barua hii naituma kwa mkono wa dereva wa basi, mume wa Sorse, ameapa atakukabidhi wewe mwenyewe. Mpe chai. Mkono wangu haukuungua.

Jana mama aliuona ukurasa wako chini ya Biblia yangu. Kusoma hajui lakini mwandiko wako anaujua. Akasema, "Hii hujanisomea." Nikasema ya ofisi. Akasema, "Galane, mimi ni mzee, si mpumbavu. Soma." Nikasoma.

Kisha akasimama, bila mkongojo, Wakgari, kwa miguu ile! "Sikumzaa? Mimi? Siku tatu nimeshika nguzo ya nyumba hii! Siku tatu! Mkunga alishamwita mchungaji. Kile kichwa! Mwambie aje akipime kwa futi zake za chuo kikuu, halafu aniambie nilikiokota wapi!" Nikamwambia, mama, kaa. Akasema, "Sikai. Nimsomeshe mtoto miaka ishirini aje asahau alikotokea?" Jioni alikataa kula. Asubuhi ameniambia, "Mwandikie. Mimi kiapo kinanibana. Wewe kinakuhusu mwenyewe, ukitaka kukivunja kivunje."

Basi nakivunja, mara moja tu.

Wewe ni mtoto wa mama na baba, tangu siku ya kwanza. Asali ilikuwa yangu.

Nilikuwa na miaka minane. Mama aliyenizaa alikufa, baba sikumjua, nilikuwa kwa bibi yangu ng'ambo ya mto, na bibi alikuwa haoni tena. Baba yetu alikuwa akipita kwake kununua nta. Siku moja akanileta. Goti lenye kidonda unalolikumbuka ni langu. Nilianguka njiani kwa kukataa kutembea. Baba alichovya kidole, akanipa mimi. Wewe ukaangua kilio: kwa nini mimi nipewe asali na wewe usipewe. Wazee wakacheka. Baba akachovya tena, akakupa, ndipo ukanyamaza. Huo ndio utamu ulionao. Kisha akaweka mkono kichwani kwangu akasema, "Huyu ndiye mkubwa. Aliyemtangulia humu ndani ni mdogo wake." Ulikuwa mtoto wao wa pekee, ukashushwa cheo hadharani ukiwa na asali mdomoni. Kamati hazikuanza leo kukushusha.

Na yule mvulana nilimpasua kwa sababu alikuwa akinisema mimi. Samahani. Miaka yote hii umenishukuru kwa kibao ambacho hakikuwa chako.

Sasa sikiliza kwa nini nilinyamaza. Ulipochagua kazi hii nilidhani umeichagua kwa ajili yangu. Nilisema moyoni, mdogo wangu anajua, na ananiheshimu kwa kutotaja. Nikakusomesha kwa mshahara wangu nikiwa na fahari hiyo. Halafu miaka mitatu iliyopita nikasoma jedwali la nne. Nikajiona pale, kwenye safu ya kulia, mche ulionyauka. Nikajiuliza nimekukosea nini. Nilipopata barua yako ya Oktoba ndipo nikatambua kwamba hujui kitu. Nilicheka, Wakgari. Halafu sikuweza kuandika.

Maelezo yako chini ya jedwali yanasema umemhesabu ameshindwa kila mtoto aliyetoroka kurudi alikotoka zaidi ya mara moja. Mimi mwaka wa kwanza nilitoroka mara tatu. Kila mara baba alikuja. Hakuja na fimbo. Alikaa nje ya ua wa bibi kwenye jiwe, akasema kwa sauti ya kunisikilizisha, "Nimemfuata mkubwa wangu. Yule mdogo amekataa chakula tangu jana." Mara ya tatu alikubeba, uone mwenyewe ni kweli nilikuwepo. Ulikuwa umekonda shingo. Ulinikamata hapa kwenye nywele ukasema, "Tule." Tangu siku hiyo sikutoroka tena.

Nimekata mfupa wa baba kwa mkono wangu mwenyewe, ili wewe usikate wa mama. Usiandike popote haya niliyokwambia. Makala yako ni uamuzi wako.

Galane


Addis Ababa, 24 Februari 2004

Mkubwa wangu,

Dereva nilimpa chai, akanywa vikombe vitatu akinitazama nisome. Mwishoni akasema, "Kuna msiba?" Nikamwambia hapana, nimezaliwa. Ameondoka akiamini wasomi wote ni vichaa.

Salamu kwa mama. Mwambie nimepima kichwa kwa futi ya Tsige ya kushonea: ni kikubwa, na ndani hamna kitu. Nitakuja Pasaka kupiga magoti. Tsige amecheka mpaka mgongo umerudi.

Nimekwenda kwa mwenyekiti wa kamati, Dokta Gizachew, kuichukua makala niliyokuwa nimempa aisome mapema. Akasema, "Wakgari, una akili timamu? Hii ndiyo bora uliyowahi kuandika! Nililia!" Nikasema ndiyo, inaliza sana. "Basi ina kasoro gani?" Nikasema mtafitiwa alikuwa na miaka minne, na alisema uongo bila kujua. "Si utafute mwingine?" Nikasema yupo, ila amekataa, na ana haki. Alinitazama kama unavyomtazama mtu anayeteremka kwenye basi lililobakiza kilomita moja. Cheo kimekwenda. Profesa wa mwaka huu atakuwa yule kijana wa takwimu za maji.

Lakini nimetoa mafaili kabatini, dada, yale mia mbili na kumi. Siku tisa nayasoma upya. Niliwatia alama ya kushindwa watoto sabini na nane kwa sababu walirudi walikotoka mara mbili, mara tatu. Sikuwahi kugeuza karatasi kuona nani aliwafuata. Hamsini na mmoja walifuatwa. Miaka kumi baadaye wako palepale walipopokelewa, wana ng'ombe, wana ndoa, mmoja ni mkuu wa shule. Walikuwa hawashindwi, walikuwa wanauliza swali, na mtu alikwenda kuwajibu. Mimi nilihesabu swali, sikuhesabu jibu. Nimeandika masahihisho ya jedwali la nne, kurasa tatu, jarida limekubali kuyachapa. Hakuna humo jina, wala asali, wala goti. Nani anapandishwa cheo kwa kusema alikosea? Hawi kasoma, akasema, "Mwalimu, leo umetoka nje."

Mwambie Adde Sorse nimejitoa kwenye ushauri wangu. Amchukue yule binti. Kama nimechelewa, basi hilo ndilo kosa litakaloniuma kuliko cheo.

Barua yako sijui niifanyeje. Mtafiti hachomi ushahidi. Nitaileta Pasaka, uiweke mwenyewe kwenye makaa ya kahawa.

Kuhusu jambo lenyewe sina la kusema ila hili: nilikuwa na miaka minne, nikakataa chakula. Nimeandika makala kumi na tisa maishani. Naona kazi yangu ya maana niliifanya kabla ya kujua kusoma.

Mdogo wako,
Wakgari


Naqamte, 25 Aprili 2004

Mdogo wangu,

Tu wazima tangu uondoke. Umesahau miwani. Mama ameivaa, hataki kuivua; anasema sasa anaona kwa nini ulikosea. Watu wanamwuliza profesa ni nini hasa, anawaambia ni mtu anayeandika barua ndefu, na kwamba wewe ulikataa kuwa kwa sababu ya heshima. Mwachie.

Barua iliungua vizuri. Kahawa ya siku ile nadhani ilikuwa chungu kidogo, lakini hukusema, nami sikusema.

Hili sikukwambia Pasaka: Sorse hakuwa amesikia ushauri wako wa Desemba. Sikumfikishia. Lelise yuko kwao tangu Januari. Wiki iliyopita ametoroka kurudi kwa shangazi yake mwingine, mara ya pili. Sorse akaja kwangu amefunga kitambaa kichwani kama mfiwa. "Adde Galane, mtoto hashiki. Hofu yangu ilikuwa kweli." Nikamwambia, "Usimhesabu bado. Nenda ukakae nje ya ua wao. Usiite, usigombe. Na umbebe yule mdogo." Akasema, "Mdogo wa nini? Amenigomea hata mkate asubuhi hii, analia tu." Nikamwambia, "Basi ndiye huyohuyo."

Walirudi mchana. Niliwaona wakipita mbele ya lango letu. Sorse alikuwa nyuma, mikono mitupu. Lelise alikuwa mbele, mdogo mgongoni kwake, mashavu yamejaa mkate.

Hilo unaweza kuliandika. Halina kiapo.

Mkubwa wako,
Galane Dhinsa